Kilo za Zuberi

Naapa kwa kaburi la mama yangu, na kwa miguu yangu hii miwili ambayo imebakiza siku chache za kazi, kwamba haya ninayoandika ni kweli tupu. Najua Kasongo wananisema nini. Wanasema mimi ndiye niliyemuuzia Mgiriki kivuli cha kiboko, akalipa, akarudi kesho yake kudai risiti. Ile ilikuwa michezo ya ujana. Leo sichezi. Leo nina hasira, na mtu mwenye hasira hapati nafasi ya kutunga.

Mwaka wa 1954, kule Kabambare, nyuma ya kambi ya wafanyakazi wa barabara, walijenga nyumba ya matofali wakaiita Foyer. Mle ndani mlikuwa na masini nne za kushona, meza ndefu, jiko la chuma ambalo hakuna mwanamke wa kambi aliyejua liwashwe wapi, na mizani ya watoto. Vijana wa kiume walikuja Jumatano kufundishwa kusimama mstari na kupiga mpira. Wasichana walishona Jumanne. Ijumaa asubuhi ilikuwa zamu ya mama wenye watoto wachanga. Waislamu walinung'unika kwamba Ijumaa ni Ijumaa, wakajibiwa kuwa kunenepa hakuna dini.

Mkubwa wa Foyer alikuwa Mbelgiji, mwanamke mrefu asiye na mume, na sisi tulimwita Mamzeli Tena. Katika maneno yote ya Kiswahili aliyojifunza melini, hilo ndilo lililomkaa. Ukishona mshono ukapinda, anafumua: Tena! Ukipangusa meza, anapitisha kidole chini yake: Tena! Msaidizi wake alikuwa Marcelline, msichana wa Kasongo aliyesoma kwa masista, mwenye viatu vyeupe ambavyo matope ya Kabambare yalivionea haya. Tena palikuwa na karani mmoja, kijana, kalamu sikioni, kazi yake kusoma mizani kwa sauti na kuandika kwenye karte, kadi ya kilo za mtoto. Huyo karani hana maana kubwa hapa. Mtamwona akipitapita.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Mtoto akiongeza kilo, mama anapewa kipande cha sabuni na karte inapigwa muhuri. Mtoto akipungua, mama anakwenda kuketi kwenye benchi la mbele, peke yake, mama arobaini wakimtazama, naye anashauriwa. Ndivyo walivyoita: kushauriwa. Mara tatu akipungua, barua inakwenda biro, ofisi ya wakubwa, na biro inamwita mume. Na dispanseri haikumpokea mtoto wa kambi bila karte yenye muhuri wa Foyer, ili mama wasipate njia ya kuyakimbia mashauri.

Mwamvita, mke wa Faradji kapita, msimamizi wa vibarua wa barabara, alikuwa na miaka kumi na tisa na mtoto mmoja, Zuberi, wa miezi saba. Ijumaa hiyo alifika akiwa wa kwanza, umande bado miguuni.

"Kilo tano na nusu," karani alisoma. "Juma lililopita, kilo tano na gramu mia nane."

"Mara ya pili anapungua," Mamzeli alisema, akaonyesha benchi kwa kidole. "Kaa."

Mwamvita akaketi. Mamzeli akamshika Zuberi makwapani, akamwinua uchi kama alivyo, miguu ikining'inia.

"Mama zote, tazama. Hii ni mutoto ao ni kuku ya sokoni?"

Baadhi ya mama walicheka. Sitawasingizia, walicheka, mtu anayengoja sabuni yake huona kicheko ni rahisi.

"Mamzeli, mutoto anahara," Mwamvita alisema. "Juma la tatu hili. Na mwili unachemuka. Nilikuja kuomba muhuri, nipate dawa."

"Unamupa nini?"

"Ziwa. Na uji kidogo."

"Saa ngapi?"

"Akilia."

"Akilia!" Mamzeli aligeukia wengine. "Mutoto haiko mukubwa wa nyumba. Saa kumi na mbili, saa ine, saa nane, saa kumi na mbili. Kwa saa. Sema."

"Kwa saa."

"Nyumbani iko saa?"

"Hapana, Mamzeli. Iko jogoo."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka, hata karani akacheka mpaka kalamu ikamdondoka, na Mamzeli akadhani anachekwa yeye. Alichukua mkasi wa kushonea, akakata uzi wa hirizi uliokuwa kiunoni mwa Zuberi. "Na hii uchafu, basi." Hirizi ilianguka sakafuni. Marcelline aliisogeza kando kwa ncha ya kiatu.

Muhuri hakupata. Mwanamke alileta mgonjwa, akarudishwa na mashauri. Aliomba dawa ya kuhara, akafundishwa kusoma saa ambayo hana. Na jioni, Mamzeli huyo huyo aliketi chini ya taa akaandika ripoti nzuri kabisa juu ya kuelimisha familia, akaamini kila neno. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo: aliamini.

Faradji alirudi kutoka barabarani Jumatatu akiwa mwekundu wa vumbi toka kope hadi kucha. Hakuvua viatu. Alikaa kizingitini, mgongo kwa mke wake.

"Wamenisomea mbele ya watu wangu," alisema.

"Barua? Lakini ni mara mbili tu. Walisema mara tatu."

"Haikuwa barua. Ni onyo, eti barua iko njiani. Musungu wa barabara ameisoma kwa sauti. 'Kapita ambaye hawezi kulisha mutoto mumoja, atalisha namna gani barabara?' Asani akajifanya anakohoa asicheke. Asani! Mimi ndiye nilimufundisha kushika jembe."

"Mutoto iko mugonjwa, baba Zuberi."

"Najua iko mugonjwa! Kwani mimi ni kipofu? Onyo halisemi mugonjwa. Linasema mama muvivu."

Mama yake Faradji, Bibi Fatuma, alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, karibu na ukuta, kama mtu aliyeapa kutosema. Akasema.

"Munipe mutoto na mama yake twende Lusangi. Kwa kaka yangu iko mutu anajua mizizi ya tumbo."

"Mama, wakienda Lusangi, Ijumaa Mwamvita hayuko. Akikosa, wanahesabu ni kupungua. Ya tatu ndiyo hiyo. Watanikata kazi, na nyumba hii ni ya kazi. Tutalala wapi, kwenye daraja?"

"Aa," Bibi Fatuma alisema, akarudia majani yake. "Basi nyumba ndiyo inanyonya."

Zuberi alilia ndani, kilio chembamba kama mlango usiotiwa mafuta, na Mwamvita akaingia kumchukua.

Jirani yao alikuwa Véronique, mke wa Michel mwashi, mwanamke Mkristo wa kweli aliyekuwa akicheka kwa mwili mzima. Mtoto wake Fidèle alikuwa na miezi minane na mapaja yenye mikunjo kama mkate. Alikuja asubuhi kuomba moto, akasikia habari yote kabla ya kaa la moto kushika.

"Na wewe unalia juu ya mizani?" alisema. "Chukua Fidèle."

"Nimuchukue wapi?"

"Foyer. Mimi ninakwenda mapema, anapimwa, ninatokea nyuma. Wewe unamuvika kofia ya Zuberi, unaingia. Yule Mamzeli hajui sura ya mutoto hata mumoja. Anatazama tako na mushale."

"Itakuwa uongo, dada."

"Uongo gani? Juzi nilipokwenda shambani nani alimunyonyesha Fidèle?"

"Mimi."

"Basi kilo zake zingine ni zako. Nenda ukazipimishe."

Wageni hawawezi kulielewa jambo hili, kwa hiyo nilieleze. Kwetu mtoto mchanga huazimwa kama kinu. Anayekwenda kisimani anamwacha kwa mwenye maziwa, na mwenye maziwa haulizi ni wa nani. Mimi mwenyewe nimenyonya kwa wanawake sita, na mmoja wao, naapa, alikuwa na ndevu. Kwa hiyo wale wawili hawakujiona wanadanganya. Walijiona wanasaidiana, kama walivyosaidiana chumvi na moto na kulia matanga. Kosa lao ni kwamba walifanya kile ambacho kila mwanamke wa Kabambare angefanya.

Ijumaa, nyuma ya choo cha Foyer, Véronique alimvua Fidèle medali ya Bikira Maria. Mwamvita alimfunga kofia ya Zuberi, ambayo haikupita masikio. Fidèle alidhani ni mchezo, akacheka.

"Zuberi, mwana wa Faradji," Marcelline aliita.

Karani alitazama mshale. Ulisimama kilo nane na gramu mia mbili. Akamtazama mtoto: nusu saa iliyopita alimpima huyu huyu, akiitwa Fidèle. Akamtazama Mwamvita, ambaye alikuwa ametazama ukuta. Kisha akasafisha koo na kusema kwa sauti ya padri anayetangaza ndoa:

"Kilo tano na gramu mia tisa!"

Mamzeli alikuja mbio. "Ameongeza?"

"Mia ine, Mamzeli."

"Umeona? Kwa saa!" Alipiga makofi, akampa Mwamvita sabuni kwa mikono yake mwenyewe, na karani akalazimika kuuma kalamu. Hakuna aliyemwomba. Hakuna aliyempa hata yai. Ilimpendeza tu. Kijana wa miaka ishirini na mbili, aliyekuwa akiitwa tumbili na kila mwenye kofia nyeupe, amepata mchezo ambao yeye peke yake anajua sheria zake. Kila Ijumaa aliongeza mia mbili, mia tatu, akimlisha mtoto kwa wino. Mstari wa Zuberi ukapanda kwenye karte kama mchwa ukutani.

Kambi nzima ilijua. Wanaume walicheka kwenye pombe. Faradji alirudishiwa heshima yake barabarani, na Asani akaacha kukohoa. Bibi Fatuma alikwenda Lusangi kwa miguu akarudi na mizizi. Kuhara kulikatika siku kumi, watu wakasema tumeshinda. Kisha mvua zikaanza, visima vikajaa maji ya njia, na kuhara kukarudi na nguvu ya mwenye nyumba aliyekuwa safarini.

Na sasa, mnaona mtego? Muhuri ulikuwapo, muhuri tele, lakini ulikuwa wa mtoto mnono. Mwamvita angekwenda dispanseri na karte ya kilo saba kumwonyesha mtoto wa kilo nne? Ijumaa baada ya Ijumaa alipewa sabuni. Vipande tisa darini, na mtoto wa kuoga navyo anaisha.

Ijumaa ya kumi na moja waliweka maua kwenye meza ndefu. Musungu wa barabara alikuwapo, na mke wake mwenye kofia ya wavu, na mtu wa kupiga picha kutoka Kasongo. Mamzeli alitangaza kwamba mstari wa Zuberi, mwana wa Faradji, ndio mzuri kuliko mistari yote ya Foyer. Karte itatundikwa ukutani. Mama atapata zawadi. Na kwanza, mama aseme.

Mwamvita alisimamishwa mbele, Fidèle mkononi mwake, mzito, akivuta shanga zake. Nyuma kabisa Véronique alikuwa ameketi mikono mitupu, maana alikuwa amesema mtoto wake amelala.

"Waambie," Mamzeli alisema. "Unafanya namna gani?"

"Ninamupa kwa saa."

"Na mbele? Mbele ya kuja Foyer, zamani, ulikuwa namna gani?"

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Sema, usiogope. Ni vizuri wengine wasikie."

"Mbele nilikuwa muvivu," Mwamvita alisema.

Wasungu wakapiga makofi. Mtu wa picha akawasha moto wake, Fidèle akaanza kulia kwa sauti kubwa ya mtoto mwenye afya, na wote wakacheka kwa upendo. Zawadi ilikuwa saa ya mezani yenye kengele.

Saa hiyo iliwekwa kwenye sanduku, karibu na kitanda. Faradji hakujua kuizima; Mwamvita alikuwa ameonyeshwa kusogeza kengele mbele kila ikilia. Ililia saa kumi na mbili, ikalia saa nne, na Mwamvita akaona haya kutomtii Mamzeli hata nyumbani mwake, akawa anamwinua Zuberi na kumwekea ziwa mdomoni. Jumatatu, saa nane, kengele ililia na Zuberi hakufungua mdomo. Alilia bila machozi. Macho yalikuwa yamezama kama mtu anayechungulia kutoka ndani ya mtungi.

"Ninakwenda dispanseri," Mwamvita alisema.

"Na karte ile?" Faradji alisimama mlangoni. "Watatuandika wote. Wewe, mimi, Véronique, Michel. Ngoja kwanza niongee na mutu."

"Mutu gani?"

Faradji hakuwa na mtu. Aliangalia mikono yake.

"Nimesema mbele ya watu kwamba mimi ni muvivu," Mwamvita alisema. "Haya ya kubaki iko wapi? Toka mulangoni, baba Zuberi."

Akatoka mlangoni. Sitamwita mwoga, alichukua jani la mgomba akamfunika mke wake kichwa, akamfuata kwenye mvua.

Walipitia Foyer, na Mwamvita akaing'oa karte ukutani, kwani bila karte usingepita hata kizingiti. Infirmie, muuguzi wa dispanseri aliyeitwa Alimasi, mtu mzuri mwenye watoto wake wenyewe, aliisoma karte. Akamtazama mtoto. Akaisoma tena.

"Mama, hii ni kilo nane. Huyu haiko mwenye karte."

"Ndiye Zuberi."

"Usinitie mashakani. Mimi ni mutu wa kazi."

"Bwana infirmie, muangalie mutoto. Wacha karatasi, muangalie yeye."

"Nimemuona." Alikuwa tayari ameshika chupa ya maji ya sindano, mikono yake ilijua kazi hata kama kichwa kilikuwa kinaogopa. "Lakini nikimutia dawa, nitaandika kwa jina la nani? Kila chupa inahesabiwa. Ngoja Mamzeli aje, nimetuma mutu amuite."

Mamzeli alikuja chini ya mwavuli, Marcelline nyuma yake, karani nyuma ya Marcelline. Alipomwona Zuberi uso wake ulibadilika, nisimdhulumu. Alinyoosha mkono hadi karibu ashike ule mguu. Kisha akaona karte juu ya meza, na mkono ukaenda kwenye karte.

"Ile mutoto ya kila Ijumaa," alisema polepole. "Ni nani?"

Mwamvita akamvuta Zuberi kifuani.

"Jina."

"Mamzeli, mutoto kwanza," Mwamvita alisema.

"Jina kwanza."

Sauti ikatoka kwenye mstari wa wagonjwa barazani. "Ni wangu." Véronique aliingia, Fidèle mgongoni, maji yakimdondoka. "Fidèle. Andika. Na umupe huyu dawa."

Mamzeli alifungua daftari. "Na nani alisoma mizani?"

Wote waligeuka kumtazama karani.

Hapo sasa! Karani alitoka mbele, akavua kalamu sikioni, akaivunja juu ya goti. "Mimi!" alisema. "Mimi nilisoma, mimi niliandika, na wewe Mamzeli ni kuku wa sokoni!" Akamnyakua Zuberi, akampakia Mwamvita nyuma ya baiskeli ya Michel, akashika njia ya Kasongo kwenye mvua ile. Huko kwenye mto Luama kivuko kilikuwa kimekatika kamba. Karani akaweka baiskeli kichwani, mama begani, mtoto kwenye meno kama paka anavyobeba, akaogelea. Mamba alimfuata, karani alimpiga kengele ya baiskeli, mamba akapisha. Jua lilikuwa halijashuka walipofika Kasongo, na daktari wa pale, mtu asiyeuliza karte, alimchoma Zuberi sindano moja tu. Mtoto akafungua macho akadai bukari, ugali wa watu wazima. Na Mamzeli? Alirudi Foyer, akaketi kwa uchovu juu ya mizani, mizani ikavunjika. Leo Zuberi ana shingo ya fahali na anaendesha lori.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiisimulia, harusi baada ya harusi, na hivyo ndivyo nilivyoisimulia mwaka jana nilipopanda Kabambare kwenye matanga ya Michel. Siku ya tatu ya matanga watu wanahitaji kucheka. Walicheka mpaka wakashika matumbo, hasa pale pa mamba.

Upande wa wanawake sauti ikasema: "Karani."

Hakuna aliyeniita hivyo miaka arobaini. Nilikuwa najua yupo. Nilikuwa nimejidanganya kwamba hasikii tena vizuri.

"Niko hapa, mama Zuberi."

"Ile baiskeli. Ulijifunza lini kuiendesha?"

Watu walicheka zaidi, maana kila mtu anajua sijawahi kukaa juu ya baiskeli nisianguke. Na mimi nikacheka. Yeye hakucheka, na kicheko kikaanza kufa, kwanza kwa wanawake, halafu kwetu.

"Kila arusi unamuponyesha," Mwamvita alisema. "Watu wote wa Kasongo, kwao mutoto wangu alipona. Ni mimi peke yangu alinifia."

Nikaishika fimbo yangu nisimame.

"Waambie ulisema nini."

"Mama Zuberi, ni matanga ya watu…"

"Matanga ya Michel. Michel ambaye aliandikwa jina. Waambie."

Nikawaambia. Mamzeli alipouliza nani alisoma mizani, nilisema: "Mimi nasoma kile mushale unaonyesha. Mama ndio wanajua watoto wao." Kwa sauti ile ile ya padri.

"Halafu?"

"Halafu Mamzeli aliandika majina. Lako. La Véronique. La baba Zuberi. Alimasi alikuwa amesimama na sindano, anangoja aambiwe aandike karte gani."

"Halafu?"

"Mvua ikapungua."

"Sema, karani."

"Akafa. Juu ya mapaja yako. Mamzeli alikuwa anauliza Michel anaandikwa namna gani."

Véronique, mzee sasa, mjane wa siku tatu, alijifunika uso. Vijana waliokuwa wakicheka mamba walitazama chini. Wazee waliokaa nyuma walijua mengine na sikuhitaji kuyasema: kwamba Faradji alifukuzwa kazi na nyumba juma lile lile na akafa akilimia watu pamba, kwamba Michel alikaa miezi miwili gerezani kwa ajili ya mapaja ya mtoto wake, kwamba karte ilirudishwa ukutani, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kuona Foyer na mstari ule ulikuwa mzuri. Ilikaa pale mpaka Uhuru. Na mimi nilikuwa naipita kila asubuhi nikienda kwenye meza yangu. Nilipandishwa cheo mwaka wa pili. Nakula pensheni ya kazi ile, inapokuja.

Wazee wa matanga walishauriana. Kuapa uongo juu ya maiti ya mtu, na juu ya maiti ya mtoto, kuna bei yake. Wakasema mbuzi. Nikasema hata wawili.

"Mbuzi watakula wao," Mwamvita alisema. "Mimi nataka kilo zangu."

"Kilo gani, mama?"

"Wewe ulisoma mizani Ijumaa zile zote za Fidèle. Wangu hukumusoma hata mara moja. Uandike yake. Uandike pahali watu watasoma, si harusini."

Mbuzi nilimnunua soko la Jumamosi, dume jeusi, nikamkabidhi mbele ya watu, na wakamla bila kunikaribisha. Hilo limelipwa. Hili la pili nimelichelewesha mwaka mzima, nikianza na mamba, nikifuta, nikianza tena na mamba, kama mlivyoona.

Alimasi alimpima baadaye, siku ile ile, kwa sababu ripoti ilitaka. Karani aliyeandika nilikuwa mimi. Zuberi, mwana wa Faradji na Mwamvita, wa Kabambare, miezi tisa na nusu. Kilo nne na gramu mia moja.